Bei ya Leo Hununua Mzigo wa Kesho

Tangu nilipogusia kwenye safu hii kwamba nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya ununuzi ya kampuni inayoagiza bidhaa kutoka nje, barua zimekuwa zikinijia karibu zote za aina moja: dola na bei za vitu. Leo najibu tano. Wasomaji wanaandika kutoka nchi tofauti, kwa hiyo namba zangu nimezifanya nyepesi ili zimfae kila mtu: tuseme dola moja ilikuwa 100 za sarafu ya nyumbani, ikapanda.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana, ndiyo kwanza naanza kujitegemea. Nilikwenda kuulizia cherehani, nikatajiwa bei, nikarudi kutafuta pesa. Wiki hiyo hiyo redio ikatangaza dola imepanda. Niliporudi nikaikuta cherehani ile ile, ina vumbi lile lile, lakini bei imeongezwa. Waliinunua zamani, kwa dola ya zamani. Huu si wizi?*

Marahaba mwanangu. Hasira yako naielewa, na swali lako ndilo linaloulizwa kuliko yote. Hebu tukae na hiyo cherehani kwanza.

Tuseme mwenye duka aliinunua kwa dola 50 wakati dola ikiwa 100. Ilimgharimu 5,000, akawa anaiuza 6,000. Ile 1,000 ya juu usidhani yote ni faida, humo mna pango, umeme na mshahara wa msaidizi. Sasa dola imekuwa 125. Cherehani nyingine kama hiyo inataka 6,250. Akikuuzia kwa 6,000, pesa uliyompa haiwezi kurudisha cherehani moja pale ilipotoka, na pango bado hajalipa. Kama anazo kumi, akiziuza zote atashika 60,000, atanunua tisa na kubaki na 3,750. Mteja anamwona anauza kila siku, naye mwenyewe anaweza kudhani biashara inakwenda, kumbe anakula mtaji.

Ndiyo maana nasema mfanyabiashara hapangi bei kwa kutazama alichonunulia. Anatazama atakachonunulia tena. Vumbi lililo juu ya cherehani ni la mwezi uliopita, lakini pesa utakayomlipa ina kazi ya mwezi ujao.

Kwa hiyo si wizi? Inategemea ameongeza kiasi gani, na hapo unaweza kumpigia hesabu wewe mwenyewe. Gharama ya kurudisha mzigo imepanda kwa 1,250. Pango na mshahara havijapanda kwa sababu ya tangazo la redio la wiki iliyopita. Bei inayoeleweka basi ni kama 7,250, yaani ongezeko la asilimia 21 hivi, ingawa dola yenyewe imepanda asilimia 25. Akikutajia 7,500, ameipandisha na ile sehemu isiyohusiana na dola. Akikutajia 9,000, huyo anatumia habari ya redio kukuchuna, na una haki ya kumwacha ukaulize kwingine. Kuuliza kwingine ndiyo silaha pekee ya mnunuzi, nami nasikitika kila ninapoona watu wanaona haya kuitumia.

*Dada, nyumbani kwangu hatununui vya nje. Tunakula na kuvaa vinavyotengenezwa humu humu nchini. Wakisema sarafu imeshuka kwa asilimia 20, mimi inanihusu nini? Na anayetumia vya nje, ategemee kila kitu kipande asilimia 20?*

Nianze na hizo asilimia, maana zinawachanganya hata watu wazima waliosoma. Dola ikitoka 100 kwenda 125, sarafu ya nyumbani imepoteza asilimia 20 ya thamani yake: 100 zako zilizokuwa zinanunua dola nzima sasa zinanunua senti 80. Lakini dola imepanda asilimia 25. Zote mbili ni kweli, na ni tukio moja. Anayetaka habari isikike ndogo hutaja 20. Anayelipia mzigo anahesabu 25.

Sasa hivyo vya humu humu. Kitu kinaweza kuwa kimeota au kimeshonwa jirani na kwako, lakini kimefikaje mlangoni? Kimepanda gari, na gari linakunywa mafuta, na mafuta duniani huuzwa kwa dola. Mkulima ametia mbolea. Fundi ana sindano, uzi na vipuri. Kiwanda kina mashine, rangi na vifungashio. Kimoja kimoja ni kidogo, vikijumlishwa si vidogo. Tena kuna njia ambayo watu wengi hawaioni: kama kitu cha nchini kinaweza kuuzwa nje, mzalishaji anajua mnunuzi wa nje atampa dola ngapi. Sarafu ikishuka, dola zile zile zinageuka kuwa pesa nyingi zaidi za nyumbani. Atakuuzia wewe kwa bei ya jana kwa nini, na meli ipo bandarini? Kwa njia hii hata kitu kisicho na hata punje ya kutoka nje kinaweza kupanda bei.

Hata hivyo bei kwa kawaida haipandi sawa na dola, na sababu kubwa ni kwamba unapolipia kitu dukani hulipii kitu peke yake. Unalipia pia lori, ghala, pango na watu waliokishughulikia. Wachumi Ariel Burstein, João Neves na Sergio Rebelo walipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Waliona gharama hizo za kukifikisha kitu kwa mlaji ni zaidi ya asilimia 40 ya bei ya rejareja Marekani, na karibu asilimia 60 Argentina. Gharama hizo hulipwa zaidi kwa pesa za nyumbani, nazo haziruki siku moja na dola.

Tazama Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2016, kura za kujitoa Umoja wa Ulaya zilipohesabiwa, pauni ilianguka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.33 kwa saa chache tu. Mfumuko wa bei mwezi huo ulikuwa asilimia 0.5. Haukuruka kesho yake. Ulipanda polepole, mzigo kwa mzigo, mkataba kwa mkataba, hadi ukafika asilimia 3.1 Novemba 2017. Miezi kumi na saba! Mtu aliyeuliza Julai 2016 "mbona bei hazijapanda?" alikuwa na haki ya kuuliza, ila mzigo wake ulikuwa bado baharini.

Sehemu nyingine mambo huwa ya kasi. Misri, tarehe 3 Novemba 2016, benki kuu iliiachia pauni ya nchi hiyo ijitafutie bei yake sokoni. Dola iliyokuwa pauni 8.88 ikafika karibu 18 mwaka ulipokuwa unakwisha, na Julai mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukawa asilimia 33. Si sarafu peke yake iliyofanya hivyo, kwa kuwa ruzuku za mafuta zilipunguzwa na kodi mpya ya ongezeko la thamani ilikuwa imeanza. Lakini angalia hesabu: dola imekuwa karibu maradufu, na bei hazikuwa maradufu. Sababu mojawapo ni kwamba kabla ya siku ile dola za benki hazikuwa zikipatikana, waagizaji wengi walikuwa wakizinunua pembeni kwa bei ya juu sana, na bei za vitu vyao zilikuwa zimeshapanda kimya kimya. Ukiwa kwenye nchi yenye dola mbili, ya benki na ya mtaani, tazama ile ambayo mwagizaji anaipata kweli. Iliyobandikwa ukutani haileti mzigo.

Na Wamarekani, sarafu yao ikishuka? Wao wana bahati ambayo wengine hatuna. Zaidi ya asilimia 90 ya vitu wanavyoagiza kutoka nje vimeandikiwa bei kwa dola, kwa hiyo dola ikiyumba ankara yao haibadiliki leo wala kesho. Mchumi Gita Gopinath amelichambua sana jambo hili: dola hutumika kuandikia bei hata katika biashara ya nchi mbili ambazo hakuna iliyo Marekani. Nchi ya kwanza inauza, ya pili inanunua, na katikati yao wanazungumza dola. Ndiyo sababu mimi na wewe tukisema "sarafu imeshuka" huwa tunamaanisha imeshuka mbele ya dola, hata kama kitu chenyewe kinatoka kwa jirani.

*Mama, mimi ni mwenye duka dogo na safari hii nimeagiza mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilipiga hesabu zote vizuri, dola ikapanda katikati ya safari, nikaishia kuuza bila faida. Nilikosea wapi?*

Pole sana ndugu yangu. Hilo lilinipata nikiwa na mwaka mmoja kazini, na pesa hazikuwa zangu, jambo ambalo lilinikosesha usingizi zaidi.

Tulikuwa tumeagiza mzigo wa dola 20,000, nauli na bima humo humo. Masharti yalikuwa ya kawaida: asilimia 30 tunalipa mwanzo ili muuzaji aanze kutengeneza, iliyobaki tunalipa tukionyeshwa nakala ya hati ya shehena kwamba mzigo umepakiwa. Dola ilikuwa 100. Nikaandika kwenye daftari langu: mzigo 2,000,000, ushuru wa forodha asilimia 25, yaani 500,000, jumla 2,500,000. Nikawapa wateja wetu wa jumla bei kwa maandishi, na saini yangu chini.

Tukalipa ile asilimia 30: dola 6,000, sawa na 600,000. Wiki saba zikapita. Nakala ya hati ya shehena ilipofika, dola ilikuwa 115. Salio la dola 14,000 likataka 1,610,000. Mzigo umekuwa 2,210,000. Nikajifariji kwamba angalau zile 6,000 za mwanzo zilikuwa salama. Kisha mzigo ukafika forodha, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Forodha hawaulizi wewe ulinunua dola kwa bei gani. Wana kiwango chao walichotangaza, nacho kilikuwa 115. Wakaithamini shehena nzima, pamoja na zile dola 6,000 nilizojifariji nazo, kuwa 2,300,000, na ushuru ukawa 575,000. Jumla 2,785,000. Nilikuwa nimekosea kwa 285,000, yaani zaidi ya asilimia 11, na faida tuliyopanga ilikuwa kumi. Bado naikumbuka karatasi ile ya makadirio ya ushuru, na jinsi nilivyoisoma mara tatu nikidhani namba moja imekosewa.

Wewe hukukosea hesabu. Ulikosea pale pale nilipokosea mimi: ulipiga hesabu ya siku moja kwa safari ya miezi mitatu. Yapo ya kufanya. La kwanza, usitoe bei ya maandishi kabla salio halijalipwa, na ukilazimika kuitoa, andika kwamba inasimama kwa siku kadhaa tu na kwa dola ya kiasi fulani. La pili, kama pesa ya salio unayo mkononi tangu mwanzo, nunua dola zake siku ile ile unayolipa sehemu ya kwanza, kaa nazo kwenye akaunti ya fedha za kigeni. Dola ikishuka utajuta kidogo, lakini hutafilisika. La tatu, benki nyingi hukubali kufunga nawe mkataba leo wa kukuuzia dola baada ya miezi mitatu kwa bei mnayokubaliana sasa. Wanatoza gharama, na kwa mzigo mdogo huenda isikulipe. Uliza tu, kuuliza hakulipiwi. Na ushuru uuhesabie kwa dola iliyo juu kidogo ya ya leo, usidanganyike kama nilivyodanganyika.

*Mwandishi, sarafu yetu imepata nguvu miezi mitatu mfululizo. Dola ilipopanda bei zilipanda siku hiyo hiyo. Sasa imeshuka na hatuoni kitu. Mbona kupanda ni haraka na kushuka ni mwaka?*

Swali hili nimelisubiri, kwa sababu kila nilichomtetea mwenye duka kwenye jibu la kwanza kinamrudia hapa. Kama anapanga bei kwa kutazama mzigo ujao, na mzigo ujao ni rahisi, basi ashushe leo. Mbona hashushi?

Kwa haki yake, nitaje kwanza yaliyo ya kweli. Mzigo alionao aliulipia ghali, na akishusha anapata hasara iliyo dhahiri, tofauti na ile ya kukosa mtaji ambayo ilikuwa ya baadaye. Tena hana hakika kama nguvu ya sarafu itadumu. Aliyeungua mara moja kama nilivyoungua mimi huacha nafasi kwenye bei yake. Na ile nauli ya lori na mshahara wa msaidizi, vilivyopanda baada ya dola kupanda, havijarudi nyuma. Mwajiri hapunguzi mshahara kwa sababu dola imeshuka, na nani angependa apunguze?

Lakini yaliyobaki si haki. Dola inapopanda kila mtu anajua na kila mtu analia, kwa hiyo mnunuzi anaitegemea bei mpya hata kabla hajaingia dukani. Inaposhuka, habari haina kelele, mnunuzi ameshaizoea bei ya juu, na muuzaji anafaidi tofauti hiyo mpaka mwenzake wa mtaa wa pili ashushe. Mchumi Sam Peltzman mwaka 2000 alichapisha utafiti wake juu ya masoko ya bidhaa nyingi za Marekani. Katika zaidi ya theluthi mbili ya masoko hayo, bei ziliifuata gharama upesi zaidi ilipopanda kuliko iliposhuka. Kwa hiyo unachokiona si ndoto yako, na si tabia ya watu wa kwenu peke yao.

Kinachozishusha ni ushindani, na Uswisi ilituonyesha. Tangu Septemba 2011 benki kuu yao ilikuwa imeapa kwamba yuro haitashuka chini ya faranga 1.20. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2015 ikaiondoa ahadi hiyo bila onyo, na kwa dakika chache yuro ikawa chini ya faranga moja. Vitu vya nchi jirani vikawa rahisi ghafla. Waswisi waliokaa karibu na mipaka wakavuka kwenda kununua Ujerumani, na wauzaji wa nyumbani wakaona wateja wanaondoka kwa macho yao. Wengine walitangaza punguzo ndani ya siku chache. Mwaka huo bei za walaji Uswisi zilishuka kwa wastani wa asilimia 1.1. Nguvu ya faranga pekee isingetosha, kama wale wanunuzi wangebaki nyumbani.

Wewe usiye na mpaka wa kuvuka, tafuta kwanza vitu vinavyokwisha upesi rafuni na vinavyouzwa na wengi. Hivyo ndivyo hushuka mapema, kwa sababu mzigo wa bei ghali huisha na mpya huingia kila wiki. Vitu vinavyoagizwa na mtu mmoja au wawili tu nchi nzima, dawa fulani kwa mfano, au vipuri vya mashine ya aina moja, hivyo hukaa juu muda mrefu, na hapo ndipo ningependa wanaosimamia ushindani wa biashara wawe macho kuliko mahali pengine popote. Mgonjwa hawezi kusema ataulizia kwingine.

*Bibi, nina akiba kidogo ya kujengea. Wenzangu wananishauri niibadilishe yote iwe dola kabla mambo hayajaharibika. Nifanye hivyo?*

Yote, hapana. Jiulize matofali, fundi na kiwanja utavilipia kwa pesa gani. Kama ni pesa ya nyumbani, basi ukienda dola utalazimika kurudi, na kila safari unakatwa: ukinunua kwa 125, anayekuuzia huenda akazirudisha kwa 121, na asilimia 3 imeondoka kabla hujapata kitu. Lakini ndani ya nyumba kuna vitu vya kutoka nje: nyaya, mabomba, vigae, pengine mabati. Viorodheshe hivyo, ujue ni sehemu gani ya gharama, na kama una pa kuviweka salama, vinunue mapema badala ya kununua dola. Bomba lililoko stoo halihitaji kubadilishwa tena. Saruji usiiwahishe, hiyo ikikaa hushika unyevu na kuganda mfukoni.